Skripti ya Python inachukua saa sita kusoma SMS za kahawa, nakosea wapi?

KaraniWaBuni, Moshi

Wakuu salaam. Mimi si programa wa kusomea. Nilisomea uhasibu, Python nimejifundisha mwenyewe kwa video na kwa kusumbua watu, kwa hiyo mkiona kitu cha aibu humu mcheke kwanza halafu mnisaidie.

Niko Moshi mjini, ofisi ya ushirika wa kahawa. Jina la ushirika naliacha. Tuna vituo tisa vya kupokelea kahawa, huko Kibosho na Uru. Msimu ukifunguka, kila jioni karani wa kituo anatuma SMS za waliopeleka kahawa siku hiyo, mtu mmoja mstari mmoja, na mwisho kabisa mstari wa jumla. Zinaingia kwenye simu ya ofisi, mimi nazihamishia kwenye kompyuta zinakuwa faili moja la maandishi. Misimu mitatu imefika mistari 31,460. Mstari wa kawaida uko hivi:

`12/08/2023 KITUO 4: E. Mushi, 0412, kg 37.5, maganda`

Tarehe, kituo, jina, namba ya mwanachama, kilo, aina ya kahawa. Skripti yangu inatumia rejeksi (ruwaza ya alama za kutafutia maandishi) kuchomoa hivyo vipande, kisha inalinganisha jina na daftari letu la wanachama 1,874 (makarani huwa wanachanganya namba, siwezi kuziamini peke yake), kisha inajumlisha kilo za kila mtu. Hiyo ndiyo orodha bodi wanayoisubiri Alhamisi kwa ajili ya malipo ya pili.

Tatizo ni muda. Naiwasha saa 12 jioni nikifunga ofisi, inamaliza saa 6 usiku imepita. Mara ya mwisho ilikamilika kwa saa 6 na dakika 17. Juzi umeme ulikatika saa 4 usiku, na betri ya laptopu hii ilishakufa zamani, bila waya ni sinia tu. Asubuhi mlinzi akanipokea getini: "Dada, ile mashine yako ililala saa nne." Hakukuwa na hata mstari mmoja uliohifadhiwa.

Laptopu ni ya Windows 7, RAM GB 4, Python 3.8, kwa sababu matoleo ya juu zaidi yanakataa kuingia kwenye Windows hiyo. Meneja anasema mashine mpya tuizungumze baada ya msimu. Swali langu: ni mashine, au ni mimi?

Nawasilisha.

fundi_kiboriloni

Pole sana dada. Hiyo hadidiski ya zamani ndiyo inakuchelewesha. Weka SSD, ile diski ya kasi, ongeza RAM ifike GB 8, hiyo mashine itaamka kama mpya. Niko Kiboriloni, siku ya soko usije maana hatutaonana kwa watu wa mitumba. Siku nyingine zote karibu.

MzeeWaNjiro

Fundi, riziki yako siizibi, lakini usimuuzie mtoto wa watu dawa ya ugonjwa ambao haujapimwa. Mistari elfu 31 ya urefu huo haifiki hata MB 3. Hadidiski yoyote, hata iliyochoka, inalisoma faili hilo kabla hujapepesa jicho. Kinachokula saa sita ni kazi ya prosesa, na prosesa hata ukiibadilisha utatoka saa sita uende saa tatu. Bado utalala hapo hapo na mlinzi.

Binti, weka hapa ruwaza yenyewe ya rejeksi. Weka na ule mstari wa jumla kama ulivyo, usiusafishe. Nina wasiwasi nao.

KaraniWaBuni, Moshi

Shikamoo mzee. Hii hapa, nimenakili bila kugusa:

`^(\S+) KITUO (\d+): ((?:[A-Za-z.']+\s*)+), (\d+), kg ([\d.]+)`

Kwenye jina niliweka nukta kwa sababu ya herufi za mwanzo kama "E. Mushi". Alama ya juu ni kwa ajili ya majina yenye ng'. Na ile `\s*` ndani ya mabano ni kwa kuwa wengine wana majina mawili, wengine matatu, na kuna makarani wanaacha nafasi mbili katikati.

Mstari wa jumla:

`12/08/2023 KITUO 4: JUMLA.................... 1240.5`

Idadi ya nukta inategemea karani. Kuna wa nukta 15 na kuna wa nukta 24. Nadhani wanashikilia kitufe mpaka namba ifike pembeni mwa kioo. Huwa sihangaiki nayo kwa sababu ruwaza haiikubali, inapita tu. Iko 912 kwenye faili zima.

Na hapa natafuta jina kwenye daftari:

`for jina in majina:`
`    if re.search(r'\b' + jina + r'\b', mstari):`
`        waliopatikana.append(jina)`

MzeeWaNjiro

Marahaba. "Inapita tu," anasema. Haipiti, mwanangu. Hapo ndipo inapolala.

Angalia kipande hiki: `(?:[A-Za-z.']+\s*)+`. Ndani kuna alama ya kurudia, na nje ya mabano kuna nyingine. Na `\s*` inaruhusu nafasi sifuri. Maana yake neno moja lisilo na nafasi hata moja linaweza kuhesabiwa kuwa kipande kimoja, au viwili, au ishirini, na injini haina njia ya kujua wewe ulikusudia kipi.

Chukua muwa wa pingili 25. Kati ya pingili na pingili una hiari ya kukata au kuacha. Sehemu za kukata ziko 24, kila moja ina hiari mbili, kwa hiyo jumla ya namna za kuukata muwa huo ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 24, yaani 16,777,216. Sasa hesabu "JUMLA" na nukta zake 20. Ni herufi 25.

Injini ya rejeksi ya Python inafanya kazi kwa kujaribu na kurudi nyuma. Inameza "JUMLA...................." yote kwa mkupuo, inatafuta koma, inakuta 1240.5. Haikati tamaa. Inarudi nyuma, inaukata muwa kwa namna nyingine, inatafuta koma tena, haipo. Inarudi tena. Itazimaliza zote milioni 16 na ushei ndipo ikuambie hakuna. Na kila nukta moja karani anayoongeza, kazi inazidi mara mbili. Karani wako wa nukta 24 anakupa namna milioni 268 kwa mstari mmoja.

Mistari inayolingana inapita upesi kwa sababu jaribio la kwanza linafaulu. Ndiyo maana watu hawaoni tatizo hili wanapoijaribu kazi yao. Sote tunajaribu kwa mifano mizuri.

Usione haya, wakubwa wameangukia hapo hapo. Tarehe 20 Julai 2016, Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waprogramu, ilizimika dakika 34 kwa sababu ya rejeksi ya kufuta nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa mstari, ikakutana na mtu aliyebandika nafasi tupu kama 20,000 mfululizo. Ile haikuwa hata ya muwa kama yako, ilikuwa ya kuanza upya kutoka kila nafasi: 20,000, kisha 19,999, kisha 19,998, hadi majaribio karibu milioni 200. Cloudflare nao, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake, tarehe 2 Julai 2019, waliangusha sehemu kubwa ya mtandao kwa dakika 27 kwa ruwaza moja yenye `.*` zilizofuatana.

Dawa yako ni nyepesi. Jina lako linaishia kwenye koma, sivyo? Basi mwambie hivyo tu, "kila kitu ambacho si koma, halafu koma":

`^(\S+) KITUO (\d+): ([^,]+), (\d+), kg ([\d.]+)`

Hapo hakuna namna mbili za kukata. Mstari wa JUMLA utasomwa hadi mwisho mara moja, koma haipo, injini itarudi hatua moja moja na kuachana nao. Na kabla hata ya rejeksi weka `if 'JUMLA' in mstari: continue`. Kutafuta neno kavu ni kazi ndogo mno kuliko kuamsha injini nzima.

Jambo la mwisho: usijaribie faili zima. Kata mistari 1,000, pima kabla, pima baada.

mwana_wa_pasua

Mzee umemaliza. Ila njia fupi zaidi: tangu Python 3.11 kuna alama ya kurudia isiyorudi nyuma, unaongeza `+` ya pili, inakuwa `[A-Za-z.']++`. Kikishamezwa hakitemwi. Au achana na `re`, rejeksi ya Python, kabisa utumie RE2, injini ya rejeksi ya Google, ile haina kurudi nyuma.

KaraniWaBuni, Moshi

Kaka nimejaribu hiyo `++`, inagoma, inalalamika kuwa alama ya kurudia imewekwa mara mbili. Si nimesema niko 3.8?

MzeeWaNjiro

Anachosema kijana kuhusu RE2 ni kweli, na si uchawi mpya. Ken Thompson aliiandika njia hiyo mwaka 1968: badala ya kufuata njia moja na kurudi nyuma ukikwama, unatembea njia zote kwa pamoja, herufi moja baada ya nyingine, kwa hiyo maandishi yakirefuka mara mbili na muda unaongezeka mara mbili, haulipuki. Rejeksi za lugha za Go na Rust nazo zinakwenda hivyo. Unachopoteza ni vitu vichache, kwa mfano kurejelea kipande ulichokwisha kukishika ndani ya ruwaza ile ile. Lakini kumwambia mtu wa Windows 7 mwenye kikao Alhamisi aende akahangaike na kusimika maktaba, hapana. Aandike koma yake.

KaraniWaBuni, Moshi

Nimerudi. Kwanza mzee, umenifungua macho. Niliweka saa kwa kila mstari (`time.perf_counter()` kabla na baada) nikaiambia inichapie uliozidi sekunde moja. Yote iliyotoka ni JUMLA, hakuna mwingine. Kituo 7, nukta 24: sekunde 51, mstari mmoja! Nikafungua faili nikafuta nukta moja tu kwa mkono, nikarudia: sekunde 25 na kitu. Nikafuta nyingine: 13. Nilicheka peke yangu ofisini. Misimu miwili nalala nikisubiri nukta.

Ila sasa, na hapa nimevunjika moyo. Nimekata mistari 1,000 ulivyosema. Kabla: dakika 12. Nikaweka ruwaza yako mpya. Baada: dakika 10 na nusu.

Yaani dakika moja na nusu tu ndiyo imepungua. Kwa faili lote nikipiga hesabu, bado ni saa tano na nusu. Nimekosea kuandika, au?

bintiSakina, Arusha

Hujakosea kuandika. Mzee amekutibu ugonjwa wenye jina kubwa, na kweli ulikuwa nao, lakini kinachokukondesha ni kingine. Kiko kwenye ule mzunguko wa majina ambao kila mtu hapa ameuruka.

Piga hesabu. Mistari ya kawaida ni 31,460 ukitoa 912, yaani 30,548. Kila mmoja unaulizwa majina 1,874. Jumla ni 57,246,952. Zaidi ya milioni 57, na hata ukishampata mtu hukuweka `break`, unaendelea na walobaki.

Lakini hilo bado si kubwa lao. Ukimpa `re.search` maandishi ya ruwaza, Python inabidi kwanza iikompaili, yaani iisome na kuigeuza kuwa maelekezo ya injini. Ni kazi nzito kuliko utafutaji wenyewe. Kwa kuwa wanajua watu ni wavivu kama mimi na wewe, wameweka akiba ya ndani: ruwaza ikishakompailiwa inatunzwa, ukija nayo tena unapewa ile ile. Ndiyo maana wengi wanakwambia `re.compile` haina maana, "Python inajitunzia."

Akiba hiyo ina nafasi 512.

Wewe una majina 1,874. Linapoingia la 513, la kwanza linatupwa. Linapoingia la 514, la pili linatupwa. Ukimaliza daftari na kurudi jina la kwanza kwa mstari unaofuata, lilishatupwa zamani. Na la pili. Na la tatu. Huwahi kulikuta hata moja. Ni kama duka lenye rafu ya sabuni 512, na kila mteja anayeingia anataka ile iliyotoka kuondolewa. Kwa hiyo unakompaili mara milioni 57, kila usiku. Wanachama wangekuwa 500, tatizo hili usingelijua maishani.

Usiniamini, pima. Endesha hivi kwa ile mistari 1,000:

`python -m cProfile -s tottime kilo.py`

Kama juu ya orodha utaona `sre_parse` na `sre_compile`, ambazo ndizo kazi za kukompaili, umeniona.

Tiba ya haraka, kompaili mara moja nje ya mzunguko:

`ruwaza_zote = [(j, re.compile(r'\b' + re.escape(j) + r'\b')) for j in majina]`

Angalia `re.escape`. Daftari lako lina "E. Mushi", na nukta kwenye rejeksi ni herufi yoyote, kwa hiyo hata "Ea Mushi" angepita kama ni yeye. Si ya kasi hiyo, lakini kwenye pesa za watu iweke.

mwana_wa_pasua

Au aunganishe majina yote na `|` iwe ruwaza moja kubwa. Mara moja kwa mstari badala ya 1,874.

bintiSakina, Arusha

Itakuwa bora kuliko alivyo sasa. Ila injini ya Python inajaribu chaguo za `|` moja moja kutoka kushoto, na inafanya hivyo upya kwenye kila nafasi ya mstari. Jina la mwisho kwenye daftari linasubiri foleni ya 1,873 mbele yake. Lugha ya Perl wao tangu 5.10 wanalipanga rundo kama hilo kama mti wa herufi, majina yanayoanza sawa yanashirikiana njia. Python haifiki huko.

KaraniWaBuni, Moshi

`sre_parse` ya kwanza, `sre_compile` inafuatia, tena na tena, imejaza kioo kizima. Kuna mstari wa ripoti umeonyesha imeitwa zaidi ya mara milioni 1.8, na hiyo ni kwa mistari 1,000 tu.

Nimeweka ile orodha iliyokompailiwa. Mistari ile ile 1,000: sekunde 5.

Nimeirudia mara tatu nikidhani imekufa katikati. Nimelinganisha na matokeo ya zamani, kilo zinafanana hadi nukta ya mwisho. Faili zima: dakika 2 na sekunde 41. Dada wa Sakina, siku ukishuka Moshi, ndizi nyama ni juu yangu.

MzeeWaNjiro

Binti wa Sakina amenikamata na nakubali. Niliona alama mbili za kurudia nikarukia hapo, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Ningemwambia apime kwanza ndipo nihubiri.

Lakini KaraniWaBuni, usisimame hapo. Dakika mbili ni nyingi kwa kazi hii. Una swali moja tu: je, jina hili limo kwenye daftari? Hilo si swali la rejeksi, ni la kamusi. Python ina `dict`, na kutafuta ndani yake hakutegemei wanachama wako ni 1,874 au laki moja. Tengeneza kamusi ya namba kwenda jina. Mstari unasema 0412, E. Mushi. Muulize 0412 ni nani. Akiwa E. Mushi, mmemalizana. Asipokuwa yeye, hapo ndipo uangalie kamusi ya pili, ya jina kwenda namba. Majina yote yapitishe hapa kwanza, ya daftari na ya SMS, ili nafasi mbili na herufi kubwa zisikusumbue:

`' '.join(jina.lower().split())`

Na ukishafika hapo jiulize kama hata ile ruwaza ya kwanza unaihitaji. Mstari wako una alama za kudumu. Kata kwenye nukta pacha mara moja, halafu kata kwenye koma. `split` haijui kurudi nyuma.

KaraniWaBuni, Moshi

Samahani kwa kimya, jana nilikuwa Uru kutwa nzima.

Nimeiandika upya kama mzee alivyosema. Sasa haina rejeksi hata moja. Faili zima, mistari 31,460, chini ya sekunde moja. Nilikuwa nimejiwekea chai nikae nisubiri.

Lakini sikurudi kwa ajili ya kasi. Nilipokata kwenye koma, niliweka sharti kwamba vipande lazima viwe vinne: jina, namba, kilo, aina. Isipokuwa vinne, ichape nione. Nilitegemea itachapa sifuri. Imechapa 207.

Mmoja wao uko hivi:

`03/10/2022 KITUO 2: A. Temu, 1163, kg 41,5, maganda`

Koma badala ya nukta. Yote 207 ni ya kituo hicho hicho, na yote ni nusu kilo, maana mzani wa pale unasoma nusu nusu. Ile rejeksi yangu ya zamani ilikuwa ikifika `kg ([\d.]+)` inachukua 41, inaona koma, inaridhika, inaondoka. Haikulalamika hata siku moja. Na hata ruwaza mpya ya mzee ingefanya vile vile, maana mwisho wake hatukuugusa. 207 kwa nusu kilo ni kilo 103 na nusu ambazo sijawahi kuzihesabu.

Nikapata na wazo lingine. Mzee uliniambia mistari ya JUMLA niiruke. Sikuiruka. Nimechukua neno la mwisho la kila mmoja, `mstari.split()[-1]`, nikaligeuza koma iwe nukta, nikalinganisha na jumla yangu ya kituo hicho siku hiyo. Mistari 912 niliyokuwa naiona takataka ndiyo ilikuwa na majibu muda wote. Baada ya kurekebisha koma, 910 inalingana. Miwili bado, yote ya Novemba, kituo 7, na hiyo naona ni ya daftari la karani, si ya skripti. Kesho napanda haisi ya Kibosho nikaione kwa macho.

MzeeWaNjiro

Hilo la kuiruka nimelifuta. Umefanya vizuri kunikaidi.

Orodha ya 207 ichape na majina, usimpelekee meneja jumla peke yake. Na misimu miwili iliyopita, malipo ya pili yalitoka kwa hesabu ya skripti ile?

KaraniWaBuni, Moshi

Msimu mmoja ndiyo, mzee. Wa 2022. Wa kabla yake tulijumlisha kwa mkono. Orodha nimeshaichapa, ina watu 88, kuna wa nusu kilo na kuna mama mmoja wa kilo nne na nusu. Meneja nampelekea asubuhi kabla sijapanda Kibosho, ili Alhamisi bodi waisikie kwangu.

fundi_kiboriloni

Kwa hiyo SSD ndiyo basi tena?

KaraniWaBuni, Moshi

SSD basi, fundi. Ila betri nataka.

fundi_kiboriloni

Igeuze, nitumie namba iliyoandikwa kwa chini. Usiniletee jina la laptopu, niletee namba ya betri yenyewe.